Anayetunza na Anayeimba

Kwenye taarab za Unguja kuna kitendo ambacho mgeni hukiona ni zawadi na mwenyeji hukisikia kama kauli. Wimbo ukifika ubeti unaochoma, mwanamke huinuka kitini, noti ameishika juu kwa ncha za vidole, hujongea taratibu kwa maringo mpaka mbele ya jukwaa, akamkabidhi mwimbaji. Huko ndiko kutunza. Hamlipi mwimbaji ujira, kwani kiingilio amekwisha kukitoa mlangoni. Anauazima wimbo. Kwa ubeti ule mmoja maneno yanakuwa yake, na wanaomjua wanajua yanamwendea nani: mke mwenza, shoga aliyemgeuka, jirani mwenye mdomo. Akishaketi huinuka mwingine, pengine hasimu wake yule yule, akautunza wimbo huo huo kwa maana yake mwenyewe.

Na mwimbaji anaendelea kuimba alichokuja kuimba.

Ndani ya kitendo hicho mna swali ambalo wanazuoni na wanafalsafa wamehangaika nalo muda mrefu: mtu anapotoa, kile alichokitoa kimeondoka kweli mkononi mwake? Marcel Mauss wa Ufaransa, katika insha yake maarufu ya miaka ya 1920 kuhusu zawadi, alisema hakijaondoka. Katika jamii alizozichunguza aliona zawadi ikija na wajibu wa namna tatu, wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha, na asiyeweza kurudisha alibaki chini ya aliyempa. Zawadi isiyodai kitu, kwa hoja hiyo, haipo.

Swali hilo halimsumbui sana anayepewa unga au blanketi. Linamuuma anayepewa fedha ili aseme. Pwani na bara kuna maelfu ya vikundi vya namna hiyo: vijana wanaoigiza sokoni kisa cha kiwanja kilichoporwa, wanawake wanaotunga ngonjera kuhusu mirathi, wachoraji wa kuta, washairi wa jukwaani. Huko Nairobi, Mathare Social Justice Centre ilitoa mwaka 2017 ripoti iliyoandaliwa na wakazi wenyewe kuhusu vijana waliouawa na polisi, na kituo hicho kimetumia sanaa sambamba na utafiti na maandamano. Vikundi kama hivi vinanyoosha mkono mmoja kuomba na mwingine kunyooshea kidole wenye nguvu. Mara nyingine mwenye kuombwa na mwenye kunyooshewa kidole wanakaa nyumba moja.

Kiswahili kimetunza theolojia nzima katika msamiati wa jambo hili. Mfadhili ni mwenye fadhila, na fadhila kwa asili yake ya Kiarabu hubeba maana ya ziada, kile kinachobaki haja ikishatimia. Kwa hiyo mfadhili, kwa jina lake lenyewe, ametoa kilichomzidi. Neno la pili ni zito zaidi. Fedha ambazo serikali au shirika hukipa kikundi huitwa ruzuku, na ruzuku ni ndugu wa damu wa riziki. Mwenye kuruzuku ni Mungu. Ar-Razzaq ni mojawapo ya majina yake. Ofisi inapoandika kwamba imetoa ruzuku kwa kikundi cha ngoma, imeazima kitenzi cha Muumba. Ikiwa neno lingechukuliwa kwa uzito wake, mpokeaji angekuwa na deni la shukrani kwa Mungu, na ofisi ingekuwa njia tu, kama bomba linavyopitisha maji ambayo halikuyaumba.

Lakini bomba halidai taarifa ya robo mwaka.

Historia ya taarab yenyewe ni historia ya mikono inayotoa. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri akajifunze ala, na kwamba muziki ule ulianza kuwa burudani ya kasri, ukiimbwa kwa Kiarabu. Kisha akatokea mwanamke wa Fumba, mtoto wa nyumba maskini ya wafinyanzi, ambaye jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Baadaye watu wakamwita Siti binti Saad. Yeye aliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi, na santuri zake zikasikika pwani nzima.

Siti alialikwa kwa Sultani na kwenye nyumba za matajiri, akaimba, akapokea alichopewa. Aliimba pia Ng'ambo, upande wa wachukuzi, vibarua na wafua nguo. Miongoni mwa nyimbo zake zilizodumu ni "Kijiti", unaoeleza kisa cha mwanamke mgeni, mja mzito, aliyeuawa, na muuaji akavuka kwenda bara huku adhabu ikiwashukia wanawake waliofika mahakamani. Wimbo huo ulikuwa ni kesi iliyosikilizwa upya, safari hii mbele ya jamii. Siti aliwezaje kula kwa wakubwa na bado akaimba habari ya mahakama yao? Sehemu ya jibu imo katika wingi wa mikono iliyomlisha. Kasri lilimpa, tajiri alimpa, kampuni ya santuri ilimlipa, na mwanamke wa Ng'ambo alimtunza senti zake. Hapakuwa na mkono mmoja ambao ukijifunga, Siti analala njaa.

Kikundi cha leo kwa kawaida kina mkono mmoja. Kabla ya kuupata kinaandika andiko la mradi, aghalabu kwa Kiingereza, hata kama onyesho lenyewe litakuwa kwa Kiswahili au Kidigo. Andiko linataka tatizo, lengo kuu, malengo mahususi, viashiria, idadi ya wanufaika wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja, na maelezo ya uendelevu, maana yake mtaishije sisi tukiondoka. Linataka cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye watia saini, hesabu zilizokaguliwa. Mwenye kipaji cha kuigiza anajifunza kipaji kingine, cha kusema shida yake kwa maneno ambayo mwenye fungu ameyatangaza mwaka huu. Mwaka mmoja ni Ukimwi, mwaka mwingine uchaguzi wa amani, mwingine tabianchi. Shida ya mtaa haijabadilika. Choo cha soko bado kimeziba na mgambo bado wanamwaga ndizi za mama ntilie, lakini hiyo haimo kwenye tangazo.

Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliliona hilo mapema. Mapema miaka ya 1980 yeye na wenzake, akiwemo Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji wakichambua matatizo yao kwa ngoma na maigizo waliyokuwa nayo wenyewe. Katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo alitofautisha sanaa ya aina hiyo na ile inayotumwa kijijini kupeleka ujumbe uliokwisha kupikwa mjini. Wasanii wa aina zote mbili hucheza, wote hupiga ngoma, na picha zao kwenye taarifa hufanana kabisa. Tofauti ni nani aliyechagua cha kusema.

Uzito wa mkono mmoja huonekana siku unapojikunja. Tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limejaza Ngome Kongwe ya Zanzibar wanamuziki wa Afrika kila Februari, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, ndipo likarudi 2017. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002 na kulea vijana wanaopiga udi, ganuni na fidla katika jengo la kale la forodha, kilifika ukingoni 2019 wafadhili wake wakubwa walipokwisha kuondoka, wanafunzi na walimu wakawa hawajui kama wataendelea. Na Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai Mosi mwaka huo USAID ilikuwa imekoma kufanya kazi kama shirika. Wengi walihesabu dawa za kufubaza virusi na chandarua, na ilikuwa sawa kuanza na hizo. Vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikiishi kwenye pindo za miradi hiyo havikuhesabiwa na mtu.

Dini zimesema nini kuhusu haya? Zimesema mengi, na si yote yanayomfurahisha mtoaji.

Katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, waumini wanakatazwa kuzibatilisha sadaka zao kwa masimango na udhia. Waswahili wanaijua hali hiyo vizuri na wana kitenzi chake hasa: kusimanga, kumkumbusha mtu ulichompa ili ajione mdogo. Aya haisemi kwamba masimango hupunguza thawabu. Inasema yanaiharibu sadaka yenyewe, inakuwa kama haikutolewa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anataka mkono wa kushoto usijue utendalo wa kulia. Ukizitazama ruzuku za leo kwa macho ya maandiko hayo, mambo yaliyozoeleka yanaanza kuonekana mageni: nembo ya mfadhili kwenye bango, kwenye fulana za waigizaji, kwenye spika, na msemaji anayelazimika kusimama kabla ya onyesho kutaja kwa hisani ya nani watu wameketi pale. Mwanakijiji aliyekuja kutazama kisa cha shamba lake lililoporwa anaambiwa kwanza nani wa kumshukuru.

Kuna fundisho lenye makali zaidi ya hilo. Sura ya Al-Maarij, aya za 24 na 25, inawasifu watu ambao katika mali yao mna haki inayojulikana ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Haki, si hisani. Maskofu wa Kikristo wa karne ya 4, Basil wa Kaisaria na Ambrose wa Milano, walihubiri jambo lile lile kwa ukali wao: nguo iliyolala sandukuni ni ya aliye uchi, na tajiri anayempa maskini anamrudishia kilicho chake. Ikiwa ni hivyo, basi fedha inayokifikia kikundi cha vijana wa mtaa wa mabanda haikutoka kwenye ziada ya mtu. Ni deni limelipwa, na mdaiwa anayelipa deni hana uso wa kumpangia mdai wake namna ya kulitumia.

Upande wa pili una hoja, na ni hoja ya mtu mwaminifu. Afisa wa shirika la ufadhili hatoi mali yake. Fedha ile ni kodi ya mfanyakazi wa Norwei au Sweden, au mali iliyoachwa na marehemu kwa masharti. Kwake yeye ni amana, na amana huulizwa. Asasi za mfukoni zipo, zile ambazo ofisi yake ni mkoba na wanachama wake ni mke na shemeji. Mtume Paulo mwenyewe, alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alifuatana na mtu aliyechaguliwa na makanisa ili pasiwe na wa kumlaumu. Hesabu, basi, ni ibada pia.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haifiki inakodhaniwa kufika. Kuuliza fedha zimekwenda wapi ni jambo moja. Kuuliza wimbo utasema nini ni jambo jingine, nalo limezoea kuingia ukumbini likijifunika kanga ya lile la kwanza. Na hata katika hesabu dini zimekuwa na huruma kuliko ofisi. Aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba inapotaja mafungu manane ya wanaostahili zaka, inawapa fungu lao wanaoikusanya na kuigawa. Wafadhili wengi wa leo huona kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu ni mzigo wa kubanwa. Andiko la zaka liliona ni haki ya mfanyakazi. Aya hiyo hiyo inaweka fungu la kuwakomboa walio utumwani. Mapema hivyo, mali ya ibada ilikwisha pangiwa kazi ya kubadili hali ya mtu mbele ya sheria, wala haikuishia kwenye kumshibisha.

Mwaka 1905 Wamarekani waligombana hadharani juu ya fedha za namna hii. Tajiri John D. Rockefeller alitoa dola 100,000 kwa bodi ya wamisionari wa kanisa la Congregational. Mchungaji Washington Gladden akapinga: mali iliyopatikana kwa kuwaangamiza wafanyabiashara wadogo ni mali yenye doa, na kanisa likiipokea litapoteza ulimi wa kukemea. Baadaye ikajulikana kwamba bodi yenyewe ndiyo iliyoomba. Doa lilikuwa suala, lakini jambo la kina zaidi katika hoja ya Gladden ni ule ulimi.

Karibu karne moja baadaye, Marekani hiyo hiyo, hali iligeuka. Mtandao wa INCITE!, ulioanzishwa mwaka 2000 na wanawake weusi, wazawa wa Marekani na wengine wasio wazungu wanaopinga ukatili, uliombwa na Ford Foundation ulete andiko. Februari 2004 ukapata barua pepe ya pongezi na ahadi ya dola 100,000. Kwa kuiamini ahadi, wakapanga mambo mawili makubwa, mojawapo ziara ya wasanii wanawake iliyoitwa Sisterfire. Tarehe 30 Julai barua nyingine ikaja: uamuzi umetenguliwa, kwa sababu mtandao ulikuwa umetoa tamko la kuunga mkono ukombozi wa Wapalestina. Tamko hilo halikuhusu bajeti wala stakabadhi. Lilikuwa ni sauti. Wanawake wale wakapiga simu kwa mtu mmoja mmoja, wakafanya karamu za kuchangisha majumbani, wakauza fulana, na pengo wakaliziba. Mwaka 2007 walitoa kitabu kizima cha insha wakihoji kama mapinduzi yanaweza kufadhiliwa.

Watawala nao wana hoja yao, na inashangaza jinsi inavyofanana na ya Mauss. Mwishoni mwa 2013 serikali ya Kenya ilipeleka bungeni muswada ambao, pamoja na mengine, ungezuia asasi kupokea zaidi ya asilimia 15 ya bajeti yake kutoka nje. Bunge liliukataa Desemba mwaka huo. Sababu iliyotolewa na wenye kuuunga mkono muswada ilikuwa kwamba mwenye fedha ndiye mwenye sauti, hivyo asasi inayolishwa na mgeni inasema ya mgeni. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeonya kuhusu taifa zima kutegemea misaada, kwamba uhuru wake ungekuwa mashakani, na lilisema kweli. Lakini onyo la Azimio lilikuwa la taifa kujinyima lenyewe. Muswada wa 2013 ulitaka kumnyima mwingine.

Pwani ilikwisha kubuni, au tuseme ilikwisha kupokea na kuzoea, chombo cha kisheria cha kuikata kamba kati ya mtoaji na kitolewacho. Ni wakfu. Mtu huweka shamba la minazi, nyumba ya Mji Mkongwe au kisima, mapato yake yakahudumie msikiti, wanafunzi, wasafiri au maskini milele. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani, kauli yenye nguvu, ile iliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, ni kwamba umiliki wa kitu kilichowekwa wakfu huhamia kwa Mungu. Si cha mtoaji tena, wala si cha mpewa. Zanzibar ilikuwa na wakfu nyingi kiasi kwamba mwaka 1905, chini ya Waingereza, iliundwa kamisheni ya kuzisimamia. Mwaka huo huo, ndani ya mji huo huo, ndipo ilipoanza Nadi Ikhwan Safaa, klabu kongwe ya taarab ambayo ingali hai. Wakfu na taarab zimeishi mtaa mmoja kwa zaidi ya miaka 100, na bado ni nadra mtu kufikiria kuweka nyumba iwe wakfu wa washairi.

Wakfu nayo ina mkono wake uliofichika. Mafakihi wana kanuni kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu linafuatwa kama andiko la sheria. Aliyefariki miaka 200 iliyopita bado anaamua mapato ya duka lake yanunue nini: mafuta ya taa, mikeka, tende za kufuturia. Kwa hiyo hata mali iliyokwisha hamia kwa Mungu hutii wasia wa mtu. Tofauti iliyopo ni kubwa vilevile: mwenye wakfu alisema neno lake mara moja, hadharani, mbele ya mashahidi, kisha akanyamaza. Hawezi kutuma barua Julai akabatilisha ya Februari.

Kuna waliojaribu kuikata kamba hiyo wakiwa hai. FRIDA, mfuko wa vijana wanaharakati wa haki za wanawake ulioanzishwa 2010, huwaachia waombaji wenyewe kazi ya kuchagua: kila kikundi husoma maombi ya vikundi vya kanda yake na kuyapigia kura. MacKenzie Scott, mwandishi wa riwaya wa Marekani aliyepata utajiri mkubwa baada ya talaka, ametoa mabilioni ya dola tangu 2020 kwa asasi ambazo mara nyingi hazikuomba, bila kuzipangia matumizi. Haya ya pili yanapendeza, ingawa yanabaki kuwa hiari ya mtu mmoja anayechagua mwenyewe nani wa kumwachia. Ya kwanza yana kitu ambacho Waswahili wanakijua kwa jina la kuchanga. Mwenye kuchanga anakaa mkekani pamoja na mchangiwa, anajua zamu yake itafika, na mkutanoni ana sauti moja kama ya mwenzake. Mfadhili anasubiri taarifa. Vikundi vya lelemama vya wanawake wa Mombasa wa karne iliyopita, Banu Saada na Ibinaal Watan, vilishindana kwa mavazi, ngoma na karamu miaka mingi kwa michango ya wanachama wao, na hakuna aliyewaandikia malengo mahususi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kuchanga uko Limuru, Kenya.

Kamiriithu ni kijiji kilichozaliwa na hali ya hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipowakusanya watu vijijini ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Katikati yake palikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana, na juu yake banda la udongo la vyumba vinne lililokuwa linaanguka. Mwaka 1976 wanakijiji walianza hapo masomo ya watu wazima. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wakaandika rasimu ya igizo kwa Kikuyu, "Ngaahika Ndeenda", Kimani Gecau akaongoza. Rasimu ilikabidhiwa kijiji. Wazee walisahihisha usemi, kwamba mzee wa rika fulani haneni hivi, na wimbo wa sherehe hii hauimbwi vile. Waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walieleza kwa hesabu kile wanachozalisha kwa siku na kile wanachopeleka nyumbani mwisho wa mwezi.

Ukumbi waliujenga wenyewe. Waliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti chini, wakatengeneza kielelezo kidogo, kisha wakainua jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalikuwa hadharani Jumamosi na Jumapili, ili yasimharibie mtu kibarua, na waliopita njia walisimama wakatoa maoni. Kufikia siku ya kwanza, tarehe 2 Oktoba 1977, watazamaji wengi waliyajua maneno. Hapakuwa na nembo ya mtu ukutani. Jasho lilikuwa lao, mbao zao, mkopo wa muda wao.

Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini hadi Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani. Kijiji hakikutawanyika. Mwishoni mwa 1981 kilianza igizo la pili, "Maitu Njugira", lililokusudiwa kuonyeshwa Ukumbi wa Taifa mjini Nairobi. Februari 1982 waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa. Wakahamia chuo kikuu wakaendelea na mazoezi, na watu wakamiminika kwa maelfu kutazama mazoezi tu, mpaka hayo nayo yakapigwa marufuku. Tarehe 12 Machi 1982 malori matatu ya polisi wenye silaha yalikwenda Kamiriithu yakaubomoa ukumbi.

Anayesema kikundi kikijitegemea kwa fedha kinakuwa huru anapaswa kukaa na tarehe hiyo. Kamiriithu haikuwa na mfadhili wa kuiandikia barua ya kuondoa ahadi. Ilibidi ufike mkono mwingine, wenye malori na bunduki, na ulifika. Lakini pia anayesema fedha za nje ndizo zinazofanya sanaa ya wanyonge iwezekane anapaswa kukaa na zile njiti za kiberiti. Kilichobomolewa kilikuwa mbao. Hakuna fungu lililofungwa, kwa hiyo hapakuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukirudisha kwake. Kwa lugha ya Mauss, kijiji kilikuwa kimejipa zawadi chenyewe, na deni lililobaki lilikuwa la mwanakijiji kwa mwanakijiji.

Ngugi wa Thiong'o alikufa Mei 2025, Marekani, akiwa ameishi uhamishoni zaidi ya miaka 40. Ngugi wa Mirii alikuwa amekwisha kufa Zimbabwe mwaka 2008. Igizo lao lilitangulia kurudi. Mei 2022, Nairobi Performing Arts Studio iliuonyesha umma wa Nairobi "Ngaahika Ndeenda", maonyesho mengine kwa Kikuyu na mengine kwa Kiingereza, katika Ukumbi wa Taifa, ule ule ambao wanakijiji wa Kamiriithu walisimama nje ya milango yake miaka 40 kabla. Watazamaji walikata tikiti, wakaingia, wakaketi.